Namna ya Kuwaita Watoto Watoke Nje

Siku ya kuniaga, wenzangu wa idara, mliniomba niwaachie maandishi kuhusu kazi ya maafa mashuleni. Sikujibu, kwa sababu nilikuwa nimeshikishwa kipaza sauti, na kipaza sauti hunikausha koo. Naandika sasa nikiwa nyumbani. Elimu yangu ni darasa la saba na kozi fupi ya simu ya upepo, kwa hiyo msitafute humu lugha ya ripoti. Ripoti mnazo kabatini. Nyingi ziliandikwa na watu ambao hawakuwepo.

Nilianza kazi upande wa Shinyanga, wakati simu ya mkononi ilikuwa kitu cha wafanyabiashara. Ofisi ya elimu ilikuwa na simu ya upepo moja, juu ya meza ya mninga, na betri ya lori chini yake. Kazi yangu ilikuwa kuchaji ile betri, kufuta vumbi, na kuita vituo vya kata asubuhi na jioni. Siku ya kwanza nilibonyeza kitufe nikasema, "Habari za asubuhi, samahani kwa usumbufu, hapa ni ofisini, natumaini hamjambo nyote."

Sauti ya mwanamke ikanirudia, imejaa mikwaruzo: "Ofisi, maliza. Betri yangu si ya kusalimiana."

Huyo alikuwa Mwalimu Kabula, ambaye sote tulimwita Mama Shija. Alikuwa mratibu wa elimu wa kata moja ya mbali, yenye shule ambazo mvua ikinyesha hazifikiki hata kwa baiskeli. Alinifundisha kazi muda mrefu kabla sijamwona uso. Nilipokosea alinikatiza hewani, vituo vyote vikisikia.

"Kijana, sema mahali kwanza. Halafu sema kimetokea nini. Halafu unataka nini. Basi. Ukianza na 'naomba kutoa taarifa' unapoteza muda wa aliyeumia."

Nilijifunza kusema mahali kwanza. Baadaye nimefanya kazi na watu wenye shahada ambao walipiga simu wakilia, wakaeleza kila kitu, wakakata bila kusema wako wapi. Siwalaumu. Hakuna aliyewafokea mapema.

Tukio langu la kwanza kubwa lilitokea kwake. Upepo uliezua paa la madarasa wakati watoto wapo ndani, mabati yakaruka hadi kwenye mashamba ya pamba. Mkuu wangu wa ofisi alitaka kujua idadi ya mabati ili aandike hasara. Nikamwuliza Mama Shija hewani. Akanijibu, "Mwambie mabati nitayahesabu kesho. Sasa hivi nahesabu watoto." Nikampelekea mkuu jibu hilo kama lilivyo, neno kwa neno, kwa sababu nilikuwa mgeni na sikujua kwamba majibu hulainishwa njiani. 

Nilipoonana na Mama Shija hatimaye, nilikuta mwanamke mfupi aliyevaa buti za mpira na kitenge, anashuka kwenye lori la mahindi.

"Shikamoo, Mama Shija."

"Marahaba. Kumbe wewe ni mwembamba hivi! Kwenye simu una sauti ya mzee wa kanisa. Umekula?"

Sikuwa nimekula. Alinipeleka kwa mama lishe akaninunulia ugali na dagaa, akanieleza huku anatafuna namna alivyowarudisha watoto makwao siku ile ya upepo: kwa makundi ya vitongoji, kila kundi na mkubwa wake, hakuna aliyeachwa atembee peke yake. Mpango huo mnautumia hadi leo. Kwenye vitabu una jina refu na haijatajwa kwamba ni wake.

Miaka ilivyokwenda nilihamishiwa huku kwenye dhahabu, na yeye akahamishiwa huku pia. Simu za mkononi zikaenea, simu ya upepo ikawekwa stoo. Watu walidhani kazi yangu imekuwa rahisi. Ukweli ni kwamba simu ya upepo ilikuwa na mahali pake na mtu wake. Simu ya mkononi ipo mfukoni mwa kila mwalimu lakini mtandao upo pengine. Ilinibidi nijue kwa kila shule mahali unaposhika: hii juu ya kichuguu nyuma ya vyoo, ile pembeni mwa tangi la maji, nyingine mpaka uvuke mto. Ilinibidi nijue pia nani anachajisha simu za walimu, maana siku za mawingu mwenye duka la sola hufunga, na shule nzima inakuwa haipo. Baadaye lilianzishwa kundi la WhatsApp la maafa. Siku moja mwalimu alituma picha ya ukuta uliopasuka. Nilipoifungua ilikuwa imefunikwa na salamu za Jumapili na tangazo la mtu anayeuza vitenge Katoro. Tangu hapo niliwaambia walimu: jambo la hatari, nipigieni. Kundi ni la vitenge.

Mama Shija hakukaa sana kwenye uratibu. Alisema kikaoni kwamba mashimo ya wachimbaji yanasogelea shule na kwamba kila mtu pale mezani anajua ni kwa nini hayasimamishwi. Muhula uliofuata alipelekwa kuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo ndani kidogo kutoka barabara ya Katoro. Shule hiyo siitaji jina, kwa kuwa wafiwa bado wanaishi pale.

"Nimerudishwa kwenye chaki," aliniambia. "Usinipe pole. Angalau watoto ukiwaambia kitu wanakutazama."

Sasa niwaeleze kuhusu filimbi, kwa kuwa ndiyo sababu ya kukaa kuandika.

Halmashauri yetu ililetewa mradi wa kuandaa mwongozo wa dharura kwa shule zote. Tulikaa ukumbini mjini, maafisa, waratibu na wataalamu waliotoka mbali. Swali lilikuwa moja: hatari ikitokea, watoto waitwe vipi watoke nje? Shule nyingi kengele yake ni rimu ya gari iliyoning'inizwa, inagongwa kwa nondo. Mtaalamu mmoja akasema kengele haifai, inalia kila kipindi, watoto wameizoea, watadhani ni mapumziko. Inatakiwa sauti ya pekee, ya haraka, ambayo hata mwalimu mmoja anaweza kuibeba shingoni. Akatoa filimbi mfukoni akaipuliza mfululizo. Watu waliruka kwenye viti. "Mmeona?" akasema. Tukacheka, tukapiga makofi, tukaenda kunywa chai.

Wengi tuliokuwa ukumbini tumezaliwa Usukumani. Tumekua na sungusungu, walinzi wetu wa jadi. Filimbi ikilia mfululizo kijijini, maana yake ni moja: mwizi au muuaji yupo nje. Wanaume wanatoka mbio na fimbo na mishale kuelekea inakolia. Watoto wanaingia ndani, wanazuia mlango kwa chochote kilichopo, wanajilaza chini na kunyamaza. Hawafungui hata wakiitwa kwa majina, kwa sababu mwizi naye anaweza kulijua jina. Wanafungua wakisikia sauti ya mama. Hili mtoto hafundishwi mara mbili. Na pale ukumbini hakuna hata mmoja aliyelisema. Tulipokaa kwenye viti vya kitambaa tulifikiri kama watu wa kwenye viti vya kitambaa.

Filimbi zikagawiwa. Mazoezi yakafanyika shule zote, na yakafana. Mama Shija naye alifanya la kwake, nikahudhuria. Asubuhi, mstarini, mwalimu wa zamu alitangaza: "Leo kuna zoezi. Mkisikia filimbi, mtoke wote mkapange mistari uwanjani." Filimbi ikalia, wakatoka kama siafu, wanacheka. Mama Shija alifurahi. Hata yeye hakuliona.

Alichokuwa anakiona ni duara. Ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao. Lilichimbwa nje ya mpaka wa shule, lakini dhahabu haifuati mpaka. Mwamba wenye dhahabu ulipinda kuelekea madarasani na wao wakapinda nao, chini kwa chini, wakizuia kuta kwa magogo wanayoyaita matimba. Mama Shija alikuwa anasikia nyundo zao sakafuni akiwa anafundisha. Alinipigia akiwa kwenye kichuguu.

"Mahali ni shuleni kwangu. Kilichotokea, sakafu ya darasa la pili ina ufa unaoingia rula. Ninachotaka, mtu aje asimamishe lile duara."

Niliipeleka taarifa. Nikaambiwa hilo si la elimu. Niliipeleka kwenye ofisi niliyoambiwa ndiyo inayohusika, nikaambiwa bila barua haliwezi kushughulikiwa. Barua ikaandikwa. Nikaambiwa timu itapangwa. Kila nilipompa majibu hayo alisema, "Sawa. Sasa hivi zinaingia rula mbili." Aliomba ruhusa ya kulifunga lile darasa. Akaulizwa atawaweka wapi watoto, akaambiwa na kwamba ukaguzi unakaribia.

Ilikuwa asubuhi baada ya mvua kubwa. Nawaeleza kama nilivyoelezwa na Mwalimu Deo, kijana aliyekuwa zamu siku hiyo, na kama nilivyokuja kuona mwenyewe. Darasa la pili halikuwa na mwalimu ndani, kwa sababu mwalimu wao alikuwa na madarasa mawili na saa ile alikuwa kwenye jingine. Deo alikuwa anapita kwenye baraza, akaona ufa umepanda kutoka sakafuni hadi dirishani, na vumbi linatoka. Alifanya alichofundishwa. Akaweka filimbi mdomoni akapuliza kwa nguvu zake zote.

Watoto wa madarasa mengine walitoka, maana walimu wao waliwasukuma nje. Darasa la pili walifunga mlango. Wakaburuta madawati ya mbele wakayaegemeza mlangoni, wakajilaza chini ya yaliyobaki, wakanyamaza kimya. Zaidi ya nusu ya darasa lile ni watoto wa miaka minane.

Na kijiji kikaitika. Wanaume walikuja mbio kutoka mashambani na kwenye makarasha, mashine za kusagia mawe ya dhahabu, wana fimbo, wana mapanga, wakajaa uwanjani juu ya ardhi ile ile inayotitia.

"Yuko wapi? Ameelekea wapi?"

"Hakuna mwizi!" Deo alikuwa anapiga kelele. "Rudini nyuma! Ardhi inatitia!"

"Sasa filimbi ya nini, mwalimu? Unatuchezea?"

Mama Shija alitoka ofisini mwake akaelewa yote kwa pamoja. Deo anasema alisimama kama mtu aliyepigwa kofi. Akamnyang'anya filimbi akaitupa. Akaenda kwenye mlango wa darasa la pili akaita, "Fungueni! Ni mwalimu mkuu!" Kimya. Akamwita kiongozi wa darasa, msichana anaitwa Minza. Kimya. Akazunguka hadi dirishani, akaacha Kiswahili cha shule, akawasemesha kwa Kisukuma, taratibu, kama mama anayerudi kutoka kisimani na kuwaambia wanawe kwamba nje kumetulia.

Ndipo madawati yakaanza kusogezwa.

Aliingia ndani mwenyewe. Wanaume wakapanga mstari mlangoni, akawa anawapa watoto mmoja mmoja. Wale wa nyuma hawakutaka kutoka chini ya madawati, ikabidi awafuate awavute. Alikuwa kule nyuma sakafu ilipoondoka. Yeye na watoto wawili.

Simu ya Deo ilinikuta mjini. Alisema mahali kwanza. Mama Shija alikuwa amemfundisha. Nilichukua bodaboda nikamwambia dereva asiniulize kitu.

Nilipofika, waliokuwa ndani ya shimo ni wachimbaji wenyewe, wale wale wa lile duara. Walikuwa wanashusha matimba, wanapandisha kifusi kwa ndoo, na wengine wanalia huku wanafanya kazi. Mmoja alipanda juu akiwa amejaa tope mpaka kwenye kope.

"Mzee, wewe ndiye serikali?"

"Mimi ni wa mawasiliano."

"Basi wasiliana. Tunataka mbao na magunia. Na watu watoke hapo pembeni, watatuangushia udongo."

Nilipanda kichuguu. Mbao niliziomba kwa mwenye duka wa Katoro, akazileta bila kuniuliza nani atalipa. Halafu nikapiga simu kwa wakubwa, kama mwongozo unavyotaka. Nikaambiwa niwaamuru wachimbaji watoke shimoni na pasiguswe kitu mpaka timu ya uokoaji ifike.

Nilishuka kwenye kichuguu. Yule kijana akanitazama. "Wamesemaje?"

"Wamesema endeleeni," nilimwambia.

Waliwatoa watoto mchana. Walikuwa wamekwisha kufa. Mama Shija walimtoa jua linapozama, ameinama, mikono imeelekea mbele. Mchimbaji mmoja alivua shati lake la kazi akamfunika uso, kisha akasema, "Mama, tumekuja kwako kwa chini kama wezi."  Timu ilifika kesho yake, ikapiga picha.

Tulimzika kwao, Shinyanga. Shija, mwanawe wa kwanza, aliniomba niseme neno kwa niaba ya ofisi. Nikasema mahali alipozaliwa, nikasema alichofanya, na nilipofika kwenye la tatu sikuwa na ninachotaka kwa mtu yeyote pale. Nikakaa.

Baada ya msiba kilifanyika kikao pale kijijini, chini ya turubai. Afisa aliyetumwa alitaka kujua kwa nini darasa la pili hawakutoka ilhali zoezi lilishafanyika. Minza akasimamishwa mbele. Alikuwa amevaa sare mpya, kubwa kuliko yeye.

"Mwanangu, filimbi uliisikia?"

"Niliisikia."

"Sasa kwa nini hamkutoka?"

Minza alimtazama kama anayeulizwa kwa nini mvua ikinyesha watu huingia ndani. "Filimbi ikilia tunafunga mlango."

Wazee wote waliokuwa chini ya turubai wakainamisha vichwa. Hapakuwa na haja ya tafsiri. Afisa naye alielewa, nilimwona. Aliuliza, "Na nani aliwafanya mfungue?" Minza akasema, "Mwalimu mkuu alisema kama mama. Ndipo nikasogeza dawati." Halafu akaanza kulia, kwa sababu mmoja wa wale wawili alikuwa amekaa naye dawati moja.

Nilidhani limekwisha. Jambo limesemwa na mtoto mbele ya watu wazima wote, kilichobaki ni kubadilisha. Ripoti ilipotoka ilisema chanzo ni uelewa mdogo wa wanafunzi kuhusu mwongozo, na ikapendekeza mazoezi zaidi. Nilikwenda ofisi moja hadi nyingine. Nilisema tutumie ile rimu, igongwe haraka bila kupumzika. Nilisema tutumie ngoma. Nilisema mwalimu apige kelele tu kwa mdomo wake, watoto wanaijua sauti yake. Nilisikilizwa kwa heshima. Nilipewa chai. Mkubwa mmoja, ambaye si mtu mbaya, aliniambia, "Mzee wangu, mwongozo umeshazinduliwa. Vitabu vimechapwa. Tukibadilisha sasa tutakuwa tunakiri kwamba filimbi ndiyo iliyowaua."

"Ndiyo iliyowaua," nilisema.

"Najua," akasema. "Kunywa chai yako."

Nilibaki kazini miaka iliyobaki. Walimu wakuu niliofahamiana nao niliwaambia mmoja mmoja, kwa simu, waweke filimbi kabatini na wagonge rimu. Wengine walifanya hivyo. Wengine walihamishwa, wakaja wapya ambao siwajui, wakaitoa kabatini kwa sababu mkaguzi huiulizia. Lile duara lilifungwa, likafunguliwa upande wa pili wa kilima.

Wiki za mwisho kabla sijastaafu nilipelekwa kwenye zoezi katika shule moja upande wa Buseresere. Kulikuwa na mgeni rasmi, viti vya plastiki na maji ya chupa. Asubuhi watoto walitangaziwa mstarini. Filimbi ikalia, wakatoka wote, mistari imenyooka, mgeni rasmi akatazama saa yake akapiga makofi. "Mnaona?" akatuambia. "Wanaelewa."

Walipotawanyika nilimkuta mtoto wa darasa la kwanza anafunga kamba ya kiatu. Akaniamkia, "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mmetoka vizuri. Mwalimu aliwaambia mtoke?"

"Ndiyo. Alituambia asubuhi."

"Na kama asingewaambia, halafu ukasikia filimbi inalia hivi?"

Alifikiri, si kwa muda mrefu. "Ningejificha, babu. Wewe hujui?"

Nikamwambia najua. Nilipogeuka kumtafuta mgeni rasmi, gari lake lilikuwa limeshafika barabarani.

Kwa hiyo, wenzangu, hayo ndiyo niliyonayo. Mambo ya vichuguu na sola mtayajifunza wenyewe mkitembea. Mkifika kwenye shule yoyote kukagua utayari wa maafa, msimwulize mwalimu mkuu kama ana filimbi. Anayo, na atawaonyesha. Nendeni kwa wadogo kabisa, mchuchumae, muwaulize wanafanya nini wakiisikia. Msiandike kitu kabla hawajajibu. Na mkishajibiwa, msije kwangu kuniuliza tufanyeje, maana mimi nililipeleka jibu hilo mpaka ofisi ya mwisho, na sasa sina ofisi. Watoto wako darasani, na mvua za mwaka huu zimeshaanza.